Ushahidi wa Asubuhi wa Nahodha wa Nyundo

Jamhuri ya Shwari haimo katika ramani yoyote, na wakuu wake hawajawahi kulalamika, maana nchi isiyo kwenye ramani haitembelewi na wakaguzi. Mimi nilizijua habari zake kwa kuishi humo. Ninayoyasimulia si malalamiko. Pale wizarani palikuwa na sanduku la malalamiko, lakini liliondolewa watu walipoanza kulitumia.

Tunachojivunia Shwari ni raga. Ni ile ya watu kumi na watatu kila upande, ambapo mwenye mpira hukumbwa, huanguka, huinuka, hukumbwa tena, na akishaangushwa mara sita bila kufika mwisho wa uwanja na kuuweka mpira chini apate pointi, mpira huenda kwa wapinzani. Mheshimiwa Rungwi Mtandika, Mwenyekiti wa klabu ya Nyundo, alipenda kusema kwamba mchezo huu ulibuniwa kwa ajili yetu, kwa kuwa hakuna taifa lililozoea kuangushwa na kuinuka kama Shwari. Mheshimiwa alikuwa pia Waziri wa Michezo na Waziri wa Afya. Kwa hiyo mchezaji akiumia, aliyempeleka uwanjani, aliyemtibu na aliyetangaza kwamba hakuumia walikuwa ofisi moja, na kazi ilikwenda haraka.

Nyundo ilichukua ubingwa kila msimu. Paa la hospitali kuu lilipoanguka, Mheshimiwa alipeleka kombe likatembezwa wodini, na wagonjwa wenye mikono mizima wakapiga makofi.

Nahodha wa Nyundo aliitwa Sadala Mkangara. Alikuwa mtu mpole, mwenye shingo nene na sauti ndogo, na mpira akiwa nao kifuani, watu wanne walihitajika kumlaza chini. Kwa miaka mingi alikuwa akiingia kichwa mbele. Picha yake ilibandikwa mashuleni, na nyumba aliyopewa na klabu, mtaa wa Mabatini, ilikuwa na bendera mlangoni.

Mkewe, Bi Zuwena, alikuwa akishona sare za shule. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona. Mumewe alianza kuweka viatu ndani ya sufuria. Kisha akawa anauliza habari za mama yake, ambaye alikuwa amemzika mwenyewe. Asubuhi akili yake ilikuwa safi, anaongea na kucheka, anamkumbuka kila mtu. Jua likishapanda, akili ilianza kumtoka kidogo kidogo, na ikifika alasiri alikaa akiitazama mikono yake kama ya mgeni.

Katika mechi moja ya alasiri alipokea mpira, akageuka, akawakwepa wenzake wenyewe na kwenda kuuweka chini kwenye mstari wa upande wake. Mwamuzi alitazama jukwaa kuu, akaona Mheshimiwa anapiga makofi, ndipo akatangaza kwamba timu zilikuwa zimebadilishana pande dakika moja kabla. Magazeti yakasifu wepesi wa nahodha kung'amua mabadiliko hayo kabla ya wengine.

Zuwena alikwenda kwa Mheshimiwa. Alivaa kanga mpya na akasubiri mpaka akaitwa.

"Mheshimiwa, nimekuja kumwombea mume wangu apumzike. Kichwa chake kimechoka."

"Nahodha analalamika?"

"Halalamiki. Hakumbuki la kulalamikia."

Mheshimiwa alitabasamu kwa huruma, kama mtu anayemfafanulia mtoto. "Mama, nahodha si mumeo peke yako. Nahodha ni rasilimali ya taifa, kama bandari. Umewahi kuona mtu anaomba bandari ipumzike? Na usiniambie habari ya kichwa. Takwimu za wizara yangu zinaonyesha kuwa nchi hii haina ugonjwa wa kichwa. Tuliufuta mwaka juzi."

Zuwena alirudi nyumbani, akakaa kwenye cherehani, lakini siku ile hakushona kitu.

Rafiki wa kufa na kuzikana wa Sadala alikuwa Kibwana Lindo, aliyecheza ubavuni pake tangu wakiwa vijana. Wake zao walikuwa wakipikiana. Siku ya mechi ya mwisho wa msimu, iliyochezwa asubuhi, Kibwana alimkumba mtu vibaya, kichwa kikakutana na goti. Aliinuka, akaenda kusimama kwenye mstari wa wapinzani. Sadala alimshika mkono akamtoa nje, kwa Daktari Mshamu, daktari wa klabu. Muda mfupi baadaye Kibwana alirudishwa uwanjani. Alikimbia hatua chache akiwa hana mpira wala mtu wa kumkimbiza, akapiga magoti, akalala. Nyundo ilishinda.

Jioni ile wizara ilitangaza kwamba mchezaji Kibwana Lindo amefariki kwa furaha ya ushindi. Daktari Mshamu hakupatikana kuhojiwa, kwa sababu alikuwa amepelekwa masomoni ng'ambo kusomea meno. Bi Mwantumu, mjane, alipewa bendera, na alipouliza ni nani aliyemrudisha mumewe uwanjani, alipewa bendera ya pili.

Pengine mambo yangeishia hapo. Lakini shirikisho la mchezo huo huko nje liliandika kwamba bila uchunguzi Nyundo isingeruhusiwa kucheza ugenini. Kwa Mheshimiwa, safari za ugenini zilikuwa muhimu kuliko ushindi wenyewe. Basi akaunda Tume Huru, na ili kuhakikisha uhuru wake, aliwateua wajumbe wote mwenyewe. Mwenyekiti wake alikuwa Jaji mstaafu Nyangasa, mzee aliyesifika kwa kutowahi kumtia hatiani mtu mwenye cheo.

Tume ilihitaji shahidi. Mheshimiwa akamtaja nahodha. "Ni mtu wa heshima," alisema, "na alikuwa karibu kuliko wote." Mheshimiwa alikuwa amezoea kukutana na Sadala kwenye karamu za usiku, ambako nahodha alimwita kwa jina la baba yake na kumwuliza kama mvua imenyesha kijijini. Hakuna shahidi aliyeonekana kufaa zaidi.

Jambo moja tu Mheshimiwa hakulijua: hakuwahi kuzungumza na Sadala asubuhi.

Kikao kilianza saa tatu. Ukumbi ulijaa. Mwantumu alikaa mstari wa mbele, na Zuwena alikaa kando yake akimshika mkono. Jaji alisafisha koo, akamtaka shahidi aeleze anachokumbuka, kama kipo.

Sadala alisimama. "Nakumbuka vizuri," alisema kwa ile sauti yake ndogo, na watu wakainama mbele wamsikie. "Kibwana aligonga kichwa. Nilipomshika mkono aliniambia, 'Sadala, upande wa kushoto umezimika.' Nikamtoa nje. Daktari alimmulika machoni, akasema huyu asirudi, akirudi tutamzika. Mheshimiwa Mtandika akashuka kutoka jukwaani. Akauliza, 'Anatembea?' Daktari akasema anatembea, lakini... Mheshimiwa akasema, 'Kama anatembea, anacheza.' Daktari akatazama chini. Kibwana akarudi. Alinipita akanishika bega, akanambia nimsalimie Mwantumu. Sikupata nafasi ya kumsalimia. Ndiyo namsalimia sasa."

Mwantumu alijifunika uso kwa mtandio. Karani wa tume aliacha kuandika, kalamu imesimama hewani, akimtazama Jaji kujua kama maneno yale yaliruhusiwa kuwapo.

Jaji Nyangasa alitoka kidogo kupiga simu. Aliporudi, alitangaza kwamba tume imechoka na inakwenda kula.

Chakula kilikuwa pilau, kachumbari na mapera. Kilikuwa kingi na kilichukua muda mrefu. Zuwena alipoona wanaongeza sahani aliwafuata. "Tafadhali, mumalizane naye sasa," alimwambia Jaji. "Mume wangu mchana hawi mzima."

"Tunajua," Jaji alisema. "Tumearifiwa sasa hivi. Karibu pilau, mwanangu."

Kikao kilifunguliwa tena saa tisa. Sadala alikuwa amekaa kwenye kiti cha shahidi, anatazama feni.

"Nahodha," Jaji akasema, "tunarudia swali ili tupate jibu lililokomaa. Unamfahamu Kibwana Lindo?"

Uso wa Sadala ulichangamka. "Kibwana? Ndugu yangu huyo."

"Amekufa?"

Sadala aligeuka taratibu, akatazama watu, akamwona Mwantumu. "Kibwana amekufa?" alimwuliza. "Shemeji, mbona hamkunambia?"

"Jibu tume, si mama huyo. Kwa ufahamu wako, amekufa?"

"Hapana," Sadala alisema, machozi yameshaanza kumtoka bila yeye kujua sababu. "Hapana. Jana tulikuwa naye mazoezini."

Tume ilitoa uamuzi siku iliyofuata. Ilieleza kwamba ushahidi wa asubuhi ulitolewa na mtu mwenye njaa, kwa hiyo haukuweza kuaminika. Ule wa mchana ulitolewa baada ya kushiba. Na kwa mujibu wa shahidi huyo, ambaye ni wa heshima na alikuwa karibu kuliko wote, Kibwana Lindo hakufa. Kifo kisichokuwapo hakiwezi kuwa na mkosaji. Shirikisho la nje lilitafsiriwa uamuzi huo, likaridhika.

Nyundo nayo haikuchelewa. Kwa kuwa Kibwana alikuwa hai na haonekani mazoezini, alifukuzwa klabuni kwa utoro, na mkewe akatakiwa kurudisha bendera zote mbili.

Mwantumu alizikunja, akazirudisha. Kisha asubuhi yake, badala ya kwenda sokoni, alikwenda Mabatini na kubisha hodi kwa Sadala.

"Shemeji," alisema, "nimekuja unihadithie."

Sadala alimkaribisha barazani, akamhadithia kuanzia goti mpaka bega. Mwantumu alisikiliza, akashukuru, akaenda kazini. Kesho yake akaja tena. Aliniambia baadaye kwamba serikali ilikuwa imemfanya aanze kujitilia shaka. Kuna siku aliamka akasikiliza mlangoni, akidhani mumewe anarudi. Kumsikiliza Sadala ndiko kulikomsaidia kuomboleza kama watu wengine.

Wauza mihogo wa pale jirani walikuja kusikiliza. Halafu walimu wa shule ya karibu. Halafu mafundi baiskeli. Watu walisimama kimya nje ya ua, mikono nyuma, nahodha anaeleza kwa sauti ndogo, na likisemwa neno "Kama anatembea, anacheza," wengine walitazama chini kama alivyofanya yule daktari. Alipomaliza walitawanyika kwenda shughuli zao. Hakuna aliyepiga kelele. Polisi walikuja mara moja kuutawanya mkusanyiko, lakini afisa wao alikuwa shabiki wa Kibwana, akabaki mpaka mwisho.

Habari zikamfikia Mheshimiwa. Siku chache baadaye redio ilitangaza kwamba kwa upendo wa taifa, nahodha Sadala Mkangara, aliyekuwa amepumzishwa tangu siku za tume, anarejeshwa kikosini kwa mechi moja ya heshima dhidi ya Tanuru. Tanuru ni mji wa wafyatua matofali, na wachezaji wake ni watu wazito wanaokumba kama ukuta unaoanguka. Mechi ingechezwa alasiri.

Zuwena alizima redio. Alielewa. Asubuhi za mumewe ndizo pekee zilizokuwa zimebaki, na sasa walikuwa wanazifuata hizo.

Asubuhi ya mechi, gari la klabu lilipokuwa tayari limesimama nje na askari wawili ndani, alimweleza mumewe kila kitu. Sadala alikuwa anakunywa chai. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimeelewa, mke wangu," alisema. "Nisipokwenda watanibeba. Na shida si hiyo. Shida ni kwamba mchana nitasahau haya yote. Nitaona mpira, nitaukimbilia. Mwili wangu haujasahau mpira. Huyo wa mchana usimlaumu, hajui."

"Simlaumu."

"Basi nifungie kamba za viatu. Huyo wa mchana hawezi."

Zuwena alimfungia. Gari lilipoondoka alijitanda mtandio, akampitia Mwantumu, na wawili hao wakaenda katika nyumba ya wageni walikofikia watu wa Tanuru. Nahodha wao, jitu linaloitwa Gwakisa, alikuwa amekaa kitandani anajifunga bandeji vidoleni.

"Kaka," Zuwena alisema, "tumekuja kukuomba usimpige mume wangu kichwani."

Gwakisa hakuinua uso. "Dada, tumeahidiwa kwamba atakayemlaza nahodha wenu vizuri, ndugu zake wote wataajiriwa bandarini. Nina ndugu wengi."

"Huyu ni mke wa Kibwana Lindo," Zuwena akasema.

Mwantumu hakuomba kitu. Alisimama tu mlangoni na kueleza jinsi mumewe alivyokufa, kwa maneno yale yale aliyokuwa akihadithiwa kila asubuhi. Aliposema "upande wa kushoto umezimika," wachezaji waliokuwa wakipiga gumzo ukumbini walisogea kusikiliza. Alipomaliza, wanawake wale waliaga. Gwakisa aliendelea kufunga bandeji. Hawakujua kama amesikia.

Alasiri uwanja ulifurika. Mheshimiwa alihutubia kwa kirefu juu ya ujasiri, ameketi chini ya mwavuli. Kisha filimbi ikalia, na mpira wa kwanza kabisa, kama ilivyoagizwa, alipewa Sadala.

Aliukumbatia, akainamisha kichwa, akaenda. Gwakisa alikuwa mbele yake. Zuwena, kule kwenye viti vya saruji, alifumba macho. Hakusikia kishindo. Alipofumbua aliona Gwakisa amepiga hatua moja pembeni, kama mtu anayempisha mzee mlangoni. Aliyemfuata naye akapisha. Watu wote kumi na watatu wa Tanuru walipisha, mmoja baada ya mwingine, na Sadala akakimbia peke yake katikati ya uwanja mpana mpaka mwisho, akauweka mpira chini taratibu.

Akapewa tena. Wakapisha tena. Baada ya mara ya nne wenzake wa Nyundo hawakusubiri kuagizwa. Walimpa wao wenyewe. Watazamaji hawakushangilia. Walisimama tu, jukwaa kwa jukwaa, wamevua kofia. Ni Mheshimiwa peke yake aliyekuwa amekaa, na kwa kuwa alikuwa amekaa, hakuweza kuona kitu.

Nyundo ilishinda kwa pointi nyingi kuliko zote katika historia yake. Wachezaji wa Tanuru walikamatwa getini kabla hawajavua jezi. Mashtaka yalikuwa kuhujumu burudani ya taifa kwa kutoumiza, na hakimu, akisoma hukumu, alisikitika kwamba vijana wenye miili ile wameipoteza bure hivyo. Wote walifungwa. Gwakisa alipoulizwa kama ana la kujitetea, alisema alikuwa akitembea tu.

Ningependa kusema kwamba nahodha alipona. Ugonjwa aliokuwa nao haukuhitaji kumalizwa na Tanuru; ulikuwa na kasi yake. Asubuhi zake zilifupika. Kwanza alihitaji kuhadithia kabla ya chai, kisha mara tu anapoamka, kisha akaanza kuruka sehemu, na Mwantumu akamkumbusha polepole. Nyundo wakati huo ilikuwa bingwa bila kucheza, maana hapakuwa na timu iliyokubali kuja. Mheshimiwa alieleza kwamba huo ndio ushindi uliokomaa kabisa, akajengewa sanamu, na hospitali kuu ikaendelea kutazama mbingu.

Siku moja wakati wa mvua za masika Mwantumu alifika kama kawaida, akawakuta watu wamesimama nje ya ua na miavuli yao. Sadala alikuwa barazani, amefunikwa shuka, bakuli la uji mapajani. Alimtazama Mwantumu kwa adabu.

"Karibu, mama," alisema. "Unamtafuta nani?"

Mwantumu alikaa chini. Mvua ilikuwa ikipiga mabati.

Zuwena alitoka ndani, akajifuta mikono, akakaa kwenye mkeka karibu na mumewe. Akaanza. Alisema jinsi Kibwana alivyogonga kichwa, jinsi nahodha alivyomshika mkono, alichosema daktari, alichouliza Mheshimiwa na alichojibiwa. Hakuongeza wala hakupunguza. Sadala alisikiliza kwa makini kuliko wote, kijiko mkononi, kama mtu anayesikia habari ya nchi ya mbali.

Zuwena alimalizia kwa lile bega na ile salamu.

"Mambo mazito," Sadala alisema. Alifikiri kidogo. "Na huyo nahodha aliyeyaona yote hayo, alikwenda kusema?"

"Alikwenda," Zuwena alimjibu. "Alisimama mbele yao wote akasema."

"Alifanya vizuri," Sadala alisema, akarudi kwenye uji wake.